Jirani Mwenye Neno Katika Kila Matanga

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, wiki moja baada ya kumzika mama, jirani yetu wa mtaa wa Musaga aliposimama kwenye safu ya pili ya viti vya plastiki na kusema kwamba ana neno. Nilitazama saa kwa sababu msemaji wa familia alikuwa ameshatushukuru wote, na wenye viti walikuwa wanavitaka viti vyao. Watu waliokuwa wameanza kuinuka wakakaa tena. Jirani akavuta pindo la imvutano, vazi lake la kujitanda, juu ya bega, akatutazama mimi na mdogo wangu Goreti, akasema:

"Iko neno juu ya marehemu. Lakini leo si siku yake. Nitaliweka mpaka siku ya kuganduka."

Akakaa. Goreti alinishika mkono na hakuuachia mpaka wageni walipoisha.

Kwetu Burundi matanga hufungwa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko. Mara ya pili, ambayo ndiyo tunaiita kuganduka, huja kama mwaka mmoja baadaye, nayo ndiyo yenye uzito. Siku hiyo marehemu hukamilishwa mbele ya watu: watoto wake ni nani, nani anashika nafasi yake, nani aliachiwa nini. Msemaji huuliza kama kuna mwenye neno. Mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba, akitajwa siku hiyo na mtu anayeaminika, huitwa mbele akakaa na wenzake, na kuanzia hapo hakuna wa kumwondoa. Asipotajwa, atahangaika mahakamani mpaka achoke.

Mama alituachia kitu kimoja: nyumba ya vyumba vinne na kibanda cha nyuma, aliyoinunua mwenyewe kwa biashara ya ndagala, dagaa wa ziwani, baada ya baba kufa. Goreti anaishi humo na watoto wake tangu mume wake aondoke. Mimi nina duka la kuchapa na kunakili karatasi kule Rohero, katikati ya mji, nalo linanilisha tu. Tukitokea kuwa watatu badala ya wawili, na huyo wa tatu akataka fungu lake mkononi, hatuna pa kulitoa. Nyumba ingeuzwa na Goreti angetoka. Jirani alilijua hilo kama sisi tulivyolijua.

Nilimwita Mama Jirani tangu navaa kaptula. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata watu waliokaa mbali naye. Aliuza mafuta ya mawese katika chupa za bia zilizooshwa, na hakuna aliyewahi kumshika akipunja. Alijaza mpaka shingoni, akangoja povu lishuke, akaongeza. "Mi sipunguzi, mi siongezi," alisema akifunga kizibo. Maneno hayo hayo aliyasema kila aliposimama kwenye matanga ya mtu. Nadhani ndiyo sababu watu walimwamini. Walikuwa wameshaona chupa.

Kwenye matanga hakunywa bia. Alipoletewa, alizuia mkono wa mhudumu: "Usifungue, mutoto wangu, nitakunywa nyumbani." Kesho yake chupa ile ilikuwa inauzwa kwenye kibanda cha jirani mwingine, na pesa zimeshagawanywa. Watu walimcheka mbele ya macho yake. "Mama Jirani analia na mfuko wazi," walisema, naye alicheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alikuwa na namna yake ya kupata habari. Hakuuliza swali. Alisema jambo lisilo kweli, kisha akangoja umsahihishe.

"Baba yenu si alikuwa mutu wa Ngozi?"

"Apana, Mama, wa Makamba."

"Aa, Makamba. Nimezeeka."

Hakuwa amezeeka. Wakati huo hakuwa na mvi hata moja, na alichokisikia mara moja hakikumtoka.

Lazima niseme pia kwamba mama alipolala kitandani miezi ile ya mwisho, ndiye aliyekuja kila asubuhi kumgeuza ubavu na kumpaka mafuta mgongoni. Hakuomba kitu. Goreti alipompa kitenge alikirudisha. Nimejaribu kuutafutia wema ule sababu mbaya na sikuipata, ingawa niliitafuta kwa bidii. Niliwasikia wakiongea kwa sauti ya chini, yeye na mama, na nilipoingia walinyamaza. Wakati huo nilifikiri wanaongea mambo ya mwili ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyasikia.

Kati ya siku zote alizosimama, ninayoikumbuka zaidi ni kuganduka kwa dereva mmoja wa lori, barabara ya juu yetu. Mjane alikaa mbele na watoto wanne. Msemaji akauliza kama kuna neno. Jirani akasimama.

"Watoto ni watano. Wa tano iko nje ya lango, amevaa shati ya kijani. Mumuite, jua litamuua."

Kijana akaletwa. Alikuwa na masikio ya marehemu, yale yaliyotoka nje kama vishikio vya sufuria, na hapakuwa na mtu mzima pale ambaye hakuyatambua. Mzee mmoja akasema, "Huyu hata hakimu hatamwuliza karatasi!" Watu wakaangua kicheko. Mjane mwenyewe alicheka huku analia, akasogea kumpisha kijana kwenye benchi. Siku ile nilitoka pale nikisema mtaa wetu una bahati kuwa na mwanamke kama huyu.

Sikusoma zaidi ya mwaka wa pili wa sekondari. Ninachokijua kuhusu kumbukumbu za koo nimekipata kwa kuzinakili karatasi za watu, kisha kwa kuuliza makarani, kisha kwa kukosea. Nimewasaidia wateja wengi kuwatafuta bibi zao katika vitabu vya ubatizo. Kwa hiyo jirani aliposema anaweka neno, nilifanya kile ninachokiweza. Sikuuliza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Nilitaka kujua alitokea wapi na wapi katika karatasi za watu wengine. Mwanamke wa kawaida haachi karatasi zake mwenyewe. Huonekana pembeni mwa karatasi za wenzake: shahidi wa ndoa, mama wa ubatizo, mtu aliyekuja kutoa taarifa ya kifo.

Nilianza na wale watoto aliowataja. Niliamini nitakuta uongo, na nilitaka kuukuta, kwa sababu uongo mmoja ukithibitishwa, neno lake juu ya mama lingekosa nguvu. Nilizitembelea familia moja baada ya nyingine, nikaomba ruhusa, nikaenda nao parokiani. Wote walikuwa wa kweli. Kila mtoto aliyemtaja alikuwa na ukurasa wake, na katika kurasa nyingi mama wa ubatizo alikuwa yeye mwenyewe jirani. Alikuwa amewabeba mikononi wakimwagiwa maji. Wasichana waliopata mimba bila ndoa walimwendea kwa sababu hakuwasema, na yeye akasimama nao mbele ya padri wakati ndugu zao hawakutaka kuonekana.

Hilo lilinivunja nguvu. Kwa wiki kadhaa niliacha kazi hiyo nikajiona mtu mbaya.

Niliirudia kwa sababu ya yule mjane wa dereva. Alikuja dukani kwangu kunakili kitambulisho na fomu, nikaona ameandika anwani ya chumba cha kupanga.

"Ulihama lini, mama?"

"Nyumba iliuzwa, kaka. Yule kijana alitaka chake, na sisi hatukuwa na cha kumpa. Simulaumu, baba alikuwa wa wote."

"Nani alimleta mnunuzi?"

"Komisioneri." Ndivyo tunavyomwita dalali wa nyumba hapa Bujumbura. "Yule muzee wa kofia ya ngozi. Anaivaa hata jua likiwaka. Kichwa chake kitaiva siku moja."

Katika familia ya pili, dalali alikuwa mzee wa kofia ya ngozi. Katika ya tatu sikutaka kuwatilia jibu mdomoni, nikatumia mbinu ya jirani.

"Nasikia dalali wenu alikuwa mwanamke."

"Apana! Muzee mumoja wa kofia ya ngozi. Alikuja hata kabla hatujamaliza kurudisha viti."

Nami nilikuwa nimemwona. Siku ile jirani alipoweka neno lake, mtu wa kofia ya ngozi alisimama nyuma kabisa, karibu na choo, hatazami watu. Alikuwa anatazama uzio wetu kutoka pembe hadi pembe.

Hata hivyo, dalali hufuata misiba kama wakodisha viti wanavyoifuata. Angeweza kuwa anamfuata jirani bila jirani kujua. Kukutana mahali pamoja si kushirikiana. Nilihitaji upande wa pili wa hesabu: mahali ambapo jirani alijua na hakusimama.

Nilipata msiba mmoja, na huo mmoja ulitosha. Fundi wa kuchomelea mageti, aliyekaa katika chumba cha kupanga mpaka kufa kwake, alikuwa na binti nje. Ukurasa wa ubatizo upo, na mama wa ubatizo ni jirani. Siku ya kuganduka kwake jirani alikuwepo, safu ya pili, na alibeba chupa yake. Binti huyo sasa anasuka nywele Rohero, si mbali na duka langu. Nilimwuliza kama alikuwa na habari za siku ile.

"Nilisimama kwenye lango," alisema bila kuacha kusuka. "Mama Jirani alipita, akanisalimu na jina langu. Nikajua ataniita. Nilingoja mpaka wakaanza kupanga viti."

"Ulimwuliza kwa nini?"

"Ningeuliza nini? Ni yeye alinibeba kanisani." Akamgeuza mteja kichwa. "Kaa sawa, mama, usinivute."

Fundi hakuacha nyumba. Hakuacha hata kitanda.

Sasa ilibaki yetu. Nilipanda mpaka parokia ya milimani ambako mama alikulia kabla ya kuolewa, nikamwomba mwandishi wa parokia kitabu cha miaka iliyotangulia ndoa yake. Nilikuwa nimejipanga kwa siku nzima. Haikuchukua hata nusu saa. Msichana, Konsolata, jina la mama limeandikwa kwa ukamilifu, nafasi ya baba tupu. Mama wa ubatizo: jirani, kwa jina lake la ujana; kumbe yeye na mama walijuana tangu usichana. Pembeni mwa ukurasa, mahali ambapo parokia huandika ndoa ikifungwa baadaye, palikuwa na wino mwingine: ameolewa, parokia ya Rumonge.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Maisha yangu yote niliambiwa mimi ndiye niliyemfungua mama tumbo, mtoto wake wa kwanza.

Rumonge nilimpata Konsolata bila kuuliza mara tatu. Anakamua mawese nyuma ya nyumba yake, na mwanamke wa Musaga anayenunua kwake kila mwezi anajulikana na wote. Alinikazia macho kabla sijasema jina.

"Ninakujua. Mama Jirani alinionyesha picha yako. Alisema siku ukija utakuja kunikana."

"Alikuja na nani?"

"Na muzee wa kofia. Alikuwa na karatasi, eti nisaini, fungu langu litauzwa haraka, mi nitapokea zangu hapa hapa bila kuhangaika."

"Ulisaini?"

"Nilimwambia, mi sisaini mambo ya matanga ambayo sijakaa." Aliondoa povu kwenye pipa kwa kijiko kirefu. "Mama alikuwa anakuja hapa kununua ndagala. Ananiletea nguo, anakula, anaondoka. Hapa wote wanajua mi ni mutoto wa yule mama wa ndagala. Kwenu nani anajua?"

"Hakuna."

"Basi mi nataka kukaa mbele, na ninyi. Nyumba tutaongea. We unaogopa nyumba, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Angalau haujidai."

Sikumwamini. Nimesema ukweli wote mpaka hapa na sitaanza kujipamba. Nilimwona ana pua ya mama na mikono ya mama, na bado nilirudi Bujumbura nikijiuliza kama maneno yale mazuri alifundishwa na jirani.

Goreti alilia kwanza kwa ajili ya mama, kisha akakasirika kwa ajili ya nyumba.

"Ukimwita wewe, umeiuza nyumba kwa mdomo wako."

"Nisipomwita, jirani atamwita."

"Amwite! Tutasema ni mwongo."

"Si mwongo. Hajawahi kuwa mwongo, ndiyo shida yenyewe."

"Kaka, we uko upande wa nani?"

Nilimweleza polepole. Jirani akimwita Konsolata, ataingia kama mtu tuliyemficha, amechukizwa nasi mbele ya watu, na mwanamume wa kofia amesimama nyuma yake na karatasi. Watoto wote aliowaita jirani waliingia hivyo, na ndiyo sababu waliuza. Tukimwita sisi, ataingia kama dada. Inawezekana atataka kuuza vilevile. Lakini atakuwa ametaka mwenyewe.

"Inawezekana," alisema Goreti. "Watoto wangu watalala kwenye hiyo 'inawezekana'?"

Mpaka asubuhi ya siku yenyewe hakuwa amekubali.

Watu walijaa uani. Jirani alikuwa safu ya pili, pembeni, mahali anapoweza kusimama bila kumsumbua mtu. Kofia ya ngozi ilikuwa karibu na choo. Konsolata nilimweka chumbani mwa Goreti, na Goreti alimpelekea chai bila kumsemesha. Msemaji akasema mambo ya mama, akataja majina yetu mawili, akauliza kama kuna mwenye neno. Nilimwona jirani akiweka kiganja kwenye kiti cha mbele yake ili ainuke.

Nikasimama kwanza.

"Watoto wa mama ni watatu," nilisema. "Mimi si wa kwanza. Wa kwanza anaitwa Konsolata, yuko ndani ya nyumba hii, na tunamwomba aje akae mahali pake."

Nilisikia mlango wa chumba ukifunguliwa. Nilikuwa nimesahau kupanga nani atamtoa. Goreti ndiye aliyemshika mkono. Alimtembeza mpaka benchi la mbele, akamkalisha mahali alipokuwa amekaa yeye mwenyewe, kisha akakaa chini kwenye mkeka miguuni pake na kufunika uso kwa kitenge. Wanawake wakaanza vigelegele, halafu vilio, halafu vyote kwa pamoja.

Jirani alikuwa bado amesimama nusu, kiganja kwenye kiti. Akatazama pembeni. Akavuta pindo la imvutano begani, akakaa. Walipomletea bia, aliomba wamfungulie. Aliinywa pale pale mpaka chini.

Mzee wa kofia alikuja mara mbili baadaye. Goreti alimpa maji ya kunywa na kumwuliza habari za watoto wake. Konsolata hakutaka kuuza. Kibanda cha nyuma tulikitengeneza, kikapata mpangaji, na kodi yake huenda Rumonge. Goreti na watoto wako palepale. Hatupatani kila siku, sisi watatu. Konsolata ana mdomo mkali, naye husema mimi nauliza kama polisi.

Kwa jirani nilichelewa kwenda. Nilikwenda miezi mingi baadaye, alasiri moja, nikiwa na chupa tupu ya mawese ili nisionekane nimeenda kuhukumu. Alikuwa kwenye baraza lake, miguu imevimba, fimbo imeegeshwa ukutani. Mvi zilikuwa zimemfikia zote kwa mara moja. Aliniita mwanangu, akaniuliza habari za nyumba, za duka, za Goreti. Akajaza chupa mpaka shingoni, akangoja povu.

"Mama Jirani," nilisema, "binti wa fundi wa mageti alikungoja siku nzima kwenye lango."

"Ninajua. Nilimwona."

"Ungesema neno moja tu."

"Ningesema, angepata nini? Kiti?" Akaongeza mafuta kidogo. "Mi nimebeba watoto wote hawa. Nani alinilipa? Padri? Mama zao? Mama yako alinilipa?"

"Hukudanganya, hilo nalijua. Lakini uliwauza."

"Niliwauzia ukweli wao. Kuna aliyerudisha?" Alicheka, kisha akakohoa mpaka nikasimama kumshika bega. Alinipungia mkono nikae. "Usinisikitikie. Mama yako nilimpenda. Alipokuwa anakufa aliniambia, musemee Konsolata. Nikasema nitasema. Ningesema siku ile ile ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

Alichukua kizibo, akakifuta kwa kidole gumba, akakibana kwenye chupa.

"Kofia alisema tungoje, bei ya viwanja Musaga inapanda, na fungu langu nalo." Akanisogezea chupa. "Halafu we ukakimbia kusimama. Haukuniuliza hata mara moja unaniharibia kiasi gani."

"Kiasi gani?"

"Milioni moja na elfu mia mbili," alisema.